Vikombe 4 vya stroberi ni gramu ngapi?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina resipe ya jamu inayotaka vikombe 4 vya stroberi zilizokatwa slesi, vikombe 3 vya sukari na vijiko 2 vya chakula vya maji ya limau. Nimenunua mizani ya jikoni na nataka kuachana na vikombe kabisa. Nilipotafuta uzito wa vikombe 4 vya stroberi nikapata majibu matatu: gramu 576, gramu 664 na gramu 928. Kutoka la kwanza hadi la mwisho kuna tofauti ya zaidi ya gramu 350! Lipi ni sahihi? Na hakuna namba moja ninayoweza kuzidishia matunda yote nikamaliza kazi?

Jibu: Pima gramu 660, uwashe jiko. Hilo ndilo jibu la resipe uliyonayo, kwa sharti moja kuhusu kikombe chenyewe ambalo nitalifikia. Ila usizifute zile namba nyingine mbili, maana zote tatu ni za kweli. 576 ni vikombe 4 vya stroberi nzima, gramu 144 kila kikombe. 664 ni vikombe 4 vya zilizokatwa slesi, gramu 166 kila kimoja. 928 ni zilizosagwa zikawa rojo, gramu 232 kwa kikombe. Tunda ni lile lile na kikombe ni kile kile. Kilichobadilika ni hewa.

Kikombe kinapima tunda pamoja na hewa iliyojibanza katikati yake, na hewa hiyo mizani haiioni. Stroberi nzima ukizimimina kikombeni zinaegemeana kwa ncha na mabega, na kati yake yanabaki mapango ambayo hakuna stroberi nyingine inayoweza kuyaingia. Ukizikata slesi, vipande vinalala kimoja juu ya kingine, vinaziba sehemu ya yale mapango, na kikombe kinapokea tunda zaidi. Ukizisaga, hewa inakimbia na kikombe kinajaa tunda tupu. Nyama ya matunda mengi ina uzito unaokaribiana sana na wa maji, yaani gramu 1 kwa kila mililita 1. Ndiyo maana rojo la stroberi linafikisha gramu 232 katika kikombe cha mililita 237: hapo karibu hakuna kilichobaki cha kuziba.

Hata matunda ya duara, ambayo mtu angedhani yanajipanga vizuri, yanaacha nafasi kubwa. Mwaka 1611 mwanahisabati Johannes Kepler alisema kwamba mipira ya ukubwa mmoja, hata uipange kwa ustadi gani, haiwezi kujaza zaidi ya asilimia 74 hivi ya nafasi. Uthibitisho wa hesabu hiyo ulikuja kutangazwa na mwanahisabati mwingine, Thomas Hales, mwaka 1998, karibu karne 4 baadaye. Hiyo ni mipira iliyopangwa mmoja mmoja kwa makini. Ukiimwaga tu ndani ya chombo, hata ukiitikisa itulie, inaishia kwenye asilimia 64 hivi. Sasa chukua bluberi, ambayo ni duara karibu kamili: kikombe kimoja kina gramu 148, na gramu 148 za tunda lenye uzito kama wa maji zinachukua takriban asilimia 62 ya mililita 237. Bluberi zinatii hesabu ya Kepler na Hales bila kujua kwamba zimo kwenye bakuli la keki. Zaidi ya theluthi moja ya kikombe chako ni hewa tupu.

Lile swali la pili sasa. Namba moja ya kuzidishia matunda yote haipo. Zipo mbili, na hizo mbili zinabeba sehemu kubwa ya kazi. Tunda lililokatwa vipande, au dogo lililoachwa zima, lihesabie gramu 150 kwa kikombe. Tunda lililopondwa au kusagwa, lihesabie 230. Tazama zinavyojipanga katika takwimu za lishe za Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambazo ndizo ninazozitumia humu kote: embe vipande 165, nanasi vipande 165, papai vipande 145, ndizi slesi 150, parachichi vipande 150, tikiti maji vipande 152, pichi slesi 154, zabibu mbichi 151, cheri zilizotolewa kokwa 154. Upande wa pili: ndizi zilizopondwa 225, papai lililopondwa 230, parachichi lililopondwa 230, rojo la matufaha lisilotiwa sukari 244, maji ya limau 244. Haya ni matunda yasiyofanana kwa rangi, kwa sukari wala kwa ukoo, lakini kikombe kinayaona karibu sawa kwa sababu kinachoamua ni namna yalivyokatwa. Ukiwa huna jedwali karibu, 150 na 230 zitakupotosha kwa asilimia 10 hivi, na kwa mambo mengi ya jikoni kosa la namna hiyo halionekani mezani.

Ndiyo maana nasema kikokotoo cha mtandaoni kinachokuuliza ni tunda gani, kisha kisikuulize limekatwaje, kifunge utafute kingine.

Wakaidi wapo lakini, na wa kwanza ni tufaha. Tufaha lina hewa ndani ya nyama yake mwenyewe, kiasi cha karibu sehemu moja kwa tano ya ujazo wake, na ndiyo sababu linaelea ukilitupa majini. Vipande vyake vinatoa gramu 125 kwa kikombe. Slesi zake zinatoa 110 tu. Hapo tunda hili linakwenda kinyume cha stroberi, ambazo slesi zake zinaongeza uzito. Slesi ya stroberi ni laini na imelowa, inajikunja na kulalia mwenzake. Slesi ya tufaha ni ngumu na imepinda, inasimama kikombeni kama daraja na kuacha uwazi chini yake. Raspberi nayo ina shimo katikati, kwa hiyo inaishia 123. Kranberi ina vyumba vya hewa ndani ya kila tunda: gramu 100 kwa kikombe kikiwa na nzima. Vijipande vya chungwa vinapanda hadi 180, kwa kuwa vina maji mengi na vinabonyea vikajaza pembeni. Nazi mbichi iliyokunwa ni 80, na hiyo ikiwa haijashindiliwa.

Kushindilia ni habari nyingine. Zabibu kavu zilizomiminwa tu ni gramu 145 kwa kikombe; ukizikandamiza kwa kidole gumba zinafika 165. Resipe isiyosema lolote inamaanisha usishindilie. Mimina, sawazisha juu, basi.

Kuna jambo la mpangilio wa maneno katika resipe ambalo wengi wanalipita mbio. Resipe ikisema vikombe 4 vya stroberi zilizokatwa, maana yake ulikata kwanza, ndipo ukajaza vikombe. Ikisema vikombe 4 vya stroberi, kisha baada ya mkato ikaongeza "zikatwe" au "zipondwe", maana yake vikombe vilijazwa zikiwa nzima na kisu kikafuata. Kwa stroberi zako hiyo ni tofauti ya 664 na 576. Kwa ndizi inauma zaidi: kikombe cha slesi kikishapondwa ni gramu 150 zile zile, wakati kikombe cha ndizi iliyokwisha kupondwa ni 225. Ukikosea hapo kwenye mkate wa ndizi wa vikombe 2, umezidisha au umepunguza gramu 150, na unga ulioandikiwa resipe hauwezi kuimeza tofauti hiyo; katikati itabaki mbichi au mkate utakauka. Resipe yako ya jamu iko wazi, inasema zilizokatwa slesi. Nyingi haziko wazi. Zikikutatiza, angalia hatua ya kwanza ya maelezo: ikianza kwa kukuambia ukate, kuna uwezekano mkubwa kipimo kilikuwa cha matunda mazima.

Na sasa lile sharti. Hizo gramu 166 ni za kikombe cha Marekani, cha mililita 237. Lebo za lishe za huko zinakihesabu kuwa 240, tofauti isiyo na maana jikoni. Lakini kikombe cha Australia, New Zealand, Kanada na Afrika Kusini ni mililita 250. Cha Japani ni 200, na kile kidogo kinachokuja na jiko la umeme la wali ni 180. Vitabu vya zamani vya Uingereza vinavyotaja kikombe mara nyingi vinakusudia nusu painti yao, mililita 284. Vikombe 4 vya slesi za stroberi, basi, ni gramu 664 kwa kikombe cha Marekani, 700 kwa cha mililita 250, karibu 800 kwa kile cha Uingereza, na 560 kwa cha Japani. Unaona mwenyewe: kutojua kikombe kunaweza kukupotosha kuliko kutojua kisu. Resipe ikitaja joto la oveni kwa Farenhaiti, nyama kwa ratili na siagi kwa vijiti, kikombe chake ni cha Marekani. Ikichanganya vikombe na gramu na Selsiasi, shuku 250. Na kikombe cha chai kilichoko kabatini kwako hakimo kabisa katika hesabu hii. Vinatofautiana kila seti.

Kijiko cha chakula nacho kina mtoro mmoja. Karibu kila mahali ni mililita 15, Australia ni 20. Kwa vijiko 2 vya limau hutaona tofauti.

Mtego ambao nauona ukinasa watu kila mara ni aunsi. Aunsi ziko mbili zenye jina moja. Ya uzito ni gramu 28.35. Ya ujazo, ya Marekani, ni mililita 29.57, na ni ya vimiminika. Kikombe kina aunsi 8 za ujazo, hilo ni kweli, na mtu akishalikariri anaweka bluberi kwenye mizani mpaka isome aunsi 8. Hapo amepima gramu 227. Kikombe cha bluberi ni gramu 148, yaani aunsi 5.2 za uzito. Ameongeza nusu nzima juu ya alichoambiwa, keki imelowa, na lawama zimeangukia oveni. Maji na maziwa yanamsamehe mtu wa namna hii kwa sababu yana uzito unaokaribia ujazo wake. Matunda ya vipande hayasamehi.

Painti ni ndugu yake aunsi kwa ukorofi. Marekani ina painti ya vimiminika ya mililita 473 na painti ya vitu vikavu ya mililita 551, na matunda madogo yanayouzwa kwa painti hufuata hiyo ya pili. Ukitumia uwiano wa bluberi tuliokwisha kuupata, painti hiyo inatoa gramu 340 na kitu. Painti ya Uingereza ni mililita 568. Resipe ikikuambia painti 1 ya bluberi na hujui ya nani, weka 340, utakuwa karibu.

Turudi kwenye ununuzi, maana uzito wa resipe ni wa tunda lililokwisha kusafishwa. Stroberi zikitolewa vikonyo zinabaki asilimia 94 hivi ya uzito wake. Tufaha likitolewa moyo na kubaki na ganda, asilimia 90. Parachichi na chungwa hubaki karibu robo tatu, embe asilimia 70, ndizi asilimia 64. Nanasi na tikiti maji hubaki nusu tu; nusu nyingine unabeba maganda. Hesabu ni kugawanya: uzito unaoutaka gawa kwa kile kinachobaki. Unataka gramu 660 za stroberi safi, gawa kwa 0.94, nunua gramu 700. Ungekuwa unataka gramu 660 za nanasi, ungenunua kilo 1.3. Watu wengi huzidisha badala ya kugawanya, au huongeza asilimia juu ya uzito safi. Kwa stroberi haionekani. Kwa nanasi unarudi sokoni.

Resipe zinazohesabu matunda kwa idadi nazo zinageuka vizuri. Ndizi ya wastani iliyomenywa ni gramu 118. Ndizi 3 ni kama 350, sawa na kikombe kimoja na nusu cha ndizi iliyopondwa. Ukiwa na ndizi kubwa au ndogo kuliko kawaida, sahau idadi, menya mpaka mizani isome 350.

Matunda yaliyogandishwa yapime yakiwa bado yameganda, na kila kinachotoka yakiyeyuka kihesabu kuwa ni chake. Maji yakiganda yanatanuka kwa asilimia 9 hivi na kupasua seli za tunda, ndiyo maana stroberi ya friza ikiyeyuka inalegea na kuelea kwenye maji yake mekundu. Kwa kikombe utaona maajabu: kilichojaa vipande vigumu kinashuka kinapoyeyuka, na mtu anashawishika kuongeza. Kwa mizani gramu 300 zinabaki 300 mradi hujamwaga ule mchuzi. Ya kopo mara nyingi yana uzito wa aina mbili kwenye lebo, wa vyote vilivyomo na wa tunda baada ya kuchuja; angalia resipe inataka upi. Makavu usiyabadilishe na mabichi kwa hesabu yoyote ya vikombe. Ni kiungo kingine.

Jedwali bora kuliko yote ni utakalojitengenezea. Stroberi zako huenda ni kubwa kuliko za aliyetengeneza namba ya 144, na tunda kubwa ndani ya kikombe kidogo linaacha uwazi mwingi zaidi kwenye kingo. Weka kikombe kitupu juu ya mizani, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Kata kama unavyokata siku zote. Mimina kwa mkono kutoka juu kidogo ya ukingo, usigonge kikombe mezani wala kukitikisa. Vipande vilivyopita ukingo vitoe kwa kidole, na pale penye shimo rudisha kipande kimoja au viwili hadi kwa macho juu paonekane pamelala sawa. Kisu cha kusawazisha hakifai hapa kama kwenye unga, kitaburuta tunda na kulimwaga. Soma. Mwaga, jaza upya, soma tena, na mara ya tatu. Vipimo vitatu vya mtu yule yule kwa tunda lile lile vinaweza kutofautiana kwa gramu 10 na zaidi, na hiyo tofauti peke yake ni sababu tosha ya kununua mizani. Chukua wastani, andika kwa kalamu pembeni mwa resipe.

Kwa siku ambayo betri ya mizani imekufa, ipo njia ambayo wapishi wachache wanaijua ingawa msingi wake ni wa Archimedes, Mgiriki wa kale, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita: kitu kinachoelea kinasukuma maji yenye uzito sawa na wake. Chukua jagi pana la kupimia lenye alama za mililita, litie maji kama nusu. Juu ya maji weka bakuli jepesi la plastiki linaloingia jagini bila kugusa ukuta. Likishatulia, soma alama, tuseme 500. Tia matunda ndani ya bakuli taratibu, ukiyasambaza ili lisiinamie upande mmoja. Maji yanapanda mpaka, tuseme, 650. Matunda hayo yana gramu 150, na huhitaji kujua ni matunda gani wala yamekatwaje. Bakuli lisiguse chini na lisiguse pembeni, vinginevyo limeacha kuelea na hesabu imeharibika. Usahihi wake ni ule wa alama za jagi, lakini kwa mkate wa ndizi unatosha sana.

Hiyo msiichanganye na ile ya kuzamisha kitu ndani ya maji, ambayo watu huitumia kupima siagi ngumu. Ukizamisha kikombe cha bluberi zote ndani ya jagi, maji yatapanda kwa karibu mililita 150, na mtu atasema hizi ni chini ya robo tatu ya kikombe, aongeze. Amekosea. Maji yamepima tunda tupu, wakati kikombe cha resipe kilihesabu na mapango.

Umakini wote huu si wa kila chakula. Saladi ya matunda haijali, wala juisi, wala matunda ya kutupia juu ya uji. Mkate na keki vinajali kwa sababu ya maji. Jamu inajali kuliko vyote, na nitakuonyesha kwa namba zako.

Sukari yako, vikombe 3 kwa gramu 200 kila kimoja, ni gramu 600. Jamu inaganda vizuri sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka vikifika asilimia 60 hadi 65 ya uzito wote. Chini ya hapo inabaki ya kumiminika na haikai muda mrefu. Stroberi ni maji asilimia 91 hivi, kwa hiyo gramu 664 zinachangia yabisi gramu 60 tu. Jumlisha na sukari, 660. Ili 660 iwe asilimia 65, jamu iliyoiva inatakiwa kubaki na uzito wa gramu 1,015. Ulianza na 664 za tunda, 600 za sukari na 30 za limau, jumla 1,294. Maana yake jiko lina kazi ya kufukuza gramu 280 hivi za maji. Sasa rudia hesabu hiyo hiyo kwa gramu 928, kana kwamba ulichukua jibu la tatu: itabidi ufukuze gramu 500. Karibu mara mbili. Hiyo ndiyo jamu inayochemka na kuchemka bila kukamata, rangi inageuka kutoka wekundu kwenda kahawia, harufu ya stroberi inaishia dirishani, na pektini yenyewe, ile inayoigandisha jamu, inaanza kuvunjika kwa moto wa muda mrefu. Ukichukua 576, unafukuza 200 tu. Itaganda haraka na itakuwa tamu zaidi kidogo kuliko alivyokusudia mwenye resipe. Kosa la upande huo linalika.

Kwenye karatasi yako, basi, andika: stroberi gramu 660 baada ya kukata, sukari gramu 600, limau viache vijiko vyako 2. Maji ya limau hayana mapango, kijiko na mizani vinakubaliana.

Na kwa kuwa umeshanunua mizani, itumie hadi mwisho. Pima sufuria tupu pamoja na mwiko, andika uzito wake. Jamu inapoanza kuwa nzito na mapovu yake kuwa makubwa na ya polepole, zima moto, weka ubao wa kukatia juu ya mizani, rudisha sifuri, kisha tua sufuria juu ya ubao. Toa uzito wa sufuria na mwiko. Kilichobaki kikiwa zaidi ya gramu 1,100, rudisha motoni. Kikiwa kati ya 1,100 na 1,000, imeiva, jaza chupa. Povu usiliengue kabla ya kupima. Wengi wanategemea kipimajoto na kungoja nyuzi 104 au 105 za Selsiasi, lakini joto hilo ni la usawa wa bahari. Ukiwa mlimani maji yanachemka mapema, takriban nyuzi 1 chini kwa kila mita 300, na anayengoja 105 huko juu anatengeneza peremende. Mizani haijali uko urefu gani. Angalia tu kama yako inabeba kilo 3 au zaidi, maana nyingine ndogo zinaishia 2, na sufuria nzito peke yake inaweza kumaliza nusu ya hizo.